Nyuzi Nne

Akiba haiozi, husema wasemao.
Hawakuwahi kufungua kabati la At-Bashy
mwezi wa tatu, mwaka juzi:
chupa arubaini za insulini, zimejipanga kama askari,
zote zimepitwa na tarehe,
na ng'ambo ya mlima, huko Kochkor,
binti wa mwalimu akipunjwa dozi, nusu kwa nusu.

Burulkan hakupiga kelele.
Alinunua daftari la mistari mipana,
akachora safu nne, hospitali nne,
na kila Alhamisi akainua simu:
Mna nini? Kinaisha lini?
Nani atakihitaji kabla yenu?
Mwanzo walimdanganya.
Mfamasia gani humfunulia jirani chungu chake?
Walitaja tisa penye ishirini,
naye akaandika tisa, kwa penseli,
akangoja.

Kigumu kilikuwa seramu,
ile ya kuzima sumu ya mitungi iliyofungwa vibaya.
Chupa sita kwa jimbo zima.
Mkurugenzi alizitaka Naryn, penye jengo kubwa.
Burulkan akatandaza ramani, akapima kwa uzi wa kufumia:
si kilomita tunazohesabu, alisema, ni saa,
tena saa za Januari.
Tatu huku, tatu kule. Dolon imekaa katikati, haina haraka.
Mkurugenzi aliutazama ule uzi kitambo,
kisha akaagiza chai.

Usiku wa leo Kochkor wamelazwa wanne,
familia moja, mtungi mmoja wa uyoga.
Mdogo wao kope zimemlemea, maji hayapiti kooni.
Tatu hazitoshi.

Tologon akatoka Naryn, chupa moja tu.
Mukambet akaupanda mlima kwa upande wa pili.
Hakuna gari lililovuka Dolon usiku ule;
kilichovuka ni kisanduku.
Pale juu, taa mbili zikikodoleana katika theluji,
Tologon alifungua koti.
Hapa dawa haiogopi joto, inaogopa kuganda,
naye alikuwa ameipakata ubavuni
kama mwanakondoo aliyezaliwa kabla ya siku zake.
Kipimajoto: nyuzi nne.
"Tia saini."
"Kalamu imeganda."
"Basi niambie baba yako aliitwa nani, nitakumbuka."

Saa tisa usiku, penseli.
Naryn: tatu, inafutwa, mbili.
Kochkor: sifuri.
Daftari halina safu ya kope wala koo,
halina pa kuandika kama mtoto amemeza maji.
Hilo ataliuliza kulipokucha,
akithubutu.

Lakini simu inamtangulia.
Ni yule wa At-Bashy, wa tisa zake.
Anakohoa. Anasema hali ya hewa.
Anasema amesikia habari za mlimani.
"Ile insulini, dada. Ninazo ishirini na mbili.
Kumi na nne zinaisha mwezi ujao."

Burulkan hakumjibu upesi.
Alikuwa anatafuta kifutio.