Samaki wa Birika

Fundi Shekuwe alinipa chaki.
"Tia alama, Bi. Thureya, pa kuvunjwa.
Jumatatu naja na vijana,
punda wameshalipwa."

Nikaanza jikoni, wala sikusita:
kuta zilizokula moshi miaka arubaini,
sinki lililotafunwa na chumvi,
bomba linalokohoa kabla ya kutoa tone.
Mkato. Mkato. Na mkato mwingine.
Mkono ukazowea,
chaki ikapata njaa yake yenyewe.

Mwanangu Athman yuko Doha,
hutuma pesa na picha kwa pamoja:
dari ya jipsamu yenye taa zilizojificha,
sakafu ya kung'aa hata uso wako ukakuamkia,
bafu la kioo, kana kwamba mtu aoga sokoni Langoni.
"Mama, usibakize kitu," yasema simu.

Usibakize kitu.
Basi nikaingia ndani,
chumba cha mwisho,
alimozaliwa yeye, alimooshwa babake,
nikasimama mbele ya ukuta wa zidaka.
Ishirini na saba.
Kimoja cha wanja wa mama,
kimoja cha ufunguo usio na kufuli,
kimoja hakikuwekwa kitu maisha yote
na sijui kwa nini tulikiheshimu.
Nikachora mstari mmoja, wa mshazari.
Mwenziwe wa kuukata hakuja.

Chini ya ngazi, Swabra, mkaza mwanangu,
ana jeshi lake la chupa:
ya sakafu, ya vioo, ya choo,
ya kuua ukungu,
na ya kuua harufu ya ile ya kuua ukungu.
Alhamisi, wageni wa posa wakitarajiwa,
aliinamia birika.
Akamimina jiki, kikombe kimoja.
Kikombe hakikutoa povu.
Akamimina chupa.

Alfajiri nilikwenda kutawadha.
Maji yalikuwa safi.
Sijapata kuona maji safi kama yale.
Na vile visamaki vitano,
ambao kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu
na hawajadai mshahara tangu enzi za bibi,
vimeelea, matumbo juu,
navyo safi.

Swabra alilia kwa kanga mdomoni.
"Nilitaka kusafisha tu."
Nikamwambia najua.
Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kwa chaki.

Jumatatu punda wakajaa kichochoroni,
saruji mgongoni, mifuko arubaini.
"Shusha minane," nikasema.
Shekuwe akanitazama kama mgonjwa aliyekataa sindano.
"Na kuta?"
Kuta tutazipaka chokaa. Jiwe la matumbawe
ukilivisha saruji hutokwa jasho ndani kwa ndani,
wewe fundi, wajua kuliko mimi.
Akakuna kidevu. Alijua.
"Vigae?"
Vya jikoni na chooni, visiwe vya kuteleza.
"Bomba?"
Bomba lote, jipya, na usinibanie.
"Dari?"
Boriti ziacheni. Ila chumba cha juu ni cha Athman,
mtilieni taa alizoziota,
hela ni zake, na usingizi ni wake.

Akafika ndani. Akauona mstari wangu.
"Na hii, Bi. Thureya? Nivunje nusu?"
Hakuwa akicheka.
Nilitafuta jibu katika kidaka kile kitupu.
"Anza na jikoni," nikasema.

Mchana, nyundo zikiimba na vumbi likipanda,
nilichukua ndoo nikabisha kwa jirani, Mwana Zaharia,
ambaye birika lake bado lina uhai.
Naomba samaki, nikamwambia, wetu wamekufa kwa usafi.
Akakunja mikono, akachukua kipeto cha chandarua,
akaniuliza bila kugeuka:
"Wangapi?"

Nikasimama na ndoo yangu,
napiga hesabu ya mbu.