Tak

Julai, Njombe. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni,
bati la kibanda changu linadondosha maji bila mvua.
Mama Enesia Mligo aliingia na sanduku la mbao begani,
hakusema hata kamwene. Alilitua mezani:
"Sitini na nne. Yote yameiva."

Mayai. Ya kutotoa, si ya kula.
Siku ya kumi na moja.

Nikafungua kifuniko, harufu ikatutangulia kuongea.
Taa tatu, feni ya kompyuta mbovu, kipimajoto,
na pembeni, ndani ya gamba la plastiki
lisilofikia kiberiti, rilei.
Nikaing'oa kwa koleo kama jino.

"Ndiyo hii?"
"Ndiyo."
"Hii hii?"

Nikalipasua gamba aone.
Tazama, mama: waya mwembamba kama unywele wa kichanga
umezungushwa kwenye kijiti cha chuma mara maelfu.
Baridi ikizidi, kipimajoto hupeleka hapa umeme kidogo,
volti kumi na mbili, usioweza hata kukushtua.
Chuma kinakuwa sumaku. Kinauvuta ulimi huu,
ncha inagusa ncha, tak,
na ule mkubwa, wa luku, unaoua,
unapita upande wake kwenda kuwasha taa.
Hawagusani hawa. Wanaishi nyumba moja yenye ukuta katikati:
mmoja anabisha, mwingine anatoka.

Joto likitosha, mdogo anakatwa,
chuma kinasahau kwamba kiliwahi kuwa sumaku,
springi inaurudisha ulimi. Tak. Giza.

Akafikiri. "Kwa hiyo yangu ilisahau kusahau."

Miaka kumi na minane kwenye kibanda hiki,
sijawahi kuisema vizuri hivyo.
Nikamwonyesha ncha: nyeusi, zimeng'ang'aniana
kama ukoko na sufuria. Kila zikikutana, cheche,
kila zikiachana, cheche,
mzigo ukizidi cheche huyeyusha,
na kilichoyeyuka kikaganda hakiachii.
Taa zilikuwa mbili. Lukelo aliongeza ya tatu, kubwa,
akiwahurumia vifaranga kwa baridi.

"Usimchape," nikasema.
"Ana miaka ishirini na sita."

Nikachakura kopo la rangi ninamowekea zilizopona.
Hii ya indiketa ya pikipiki, hapana.
Hii ya honi ya Fuso, hapana, volti zake mara mbili.
Ya friji ya maziwa, springi imechoka.
Ya jenereta la zahanati, lile lililokuwa likijiwasha lenyewe
umeme ukikatika katikati ya uzazi: hii nilikataa kuiuza.
Chini kabisa, ya pampu ya maji ya misheni,
ncha pana, zinang'aa bado.
Nikayeyusha risasi, nikachomoa taa ya Lukelo,
tukangoja baridi ifanye kazi yake.

Tak.

Alilipa nusu. Nusu nyingine, alisema, ina mabawa.

Usiku wa Agosti, saa tano, simu.
Hakunisalimia tena. Aliisogeza kwenye tundu la sanduku,
nikasikia tak, kimya kirefu, tak,
halafu mgongo mwingine, dhaifu, usio na mpangilio,
kitu kinaligonga gamba kutoka ndani.

"Hiyo," akanong'ona Mama Enesia, "siyo rilei."