Dakika Nne

Oddlaug alisambaza barua miaka thelathini,
hatua zile zile, pumzi ile ile,
theluji ikija na kuyeyuka bila kumshtua.
"Pole pole ndio mwendo," alikuwa akisema Arnstein,
na kweli, pole pole kiti kilimla.

Leo, njia ya makaburini, Trondheim,
anakipanda kilima mbio.
Dakika nne. Moyo unagonga
kama mtu aliyesahauliwa nje ya mlango.
Kisha tatu za kutembea: makamasi, mikono kiunoni,
mbwa wa jirani akimkodolea macho.

Tena.

Mara ya nne anaishia kwenye jiwe lenye jina lile,
ameinama, hawezi kusema.
Saa ya mkononi inalia.
Anaizima.
"Ngoja," anamwambia, "nipumue kwanza."