Toleo la Majaribio

Jumatano usiku nilibofya Nakubali
bila kusoma, kama kila mtu.
Mashine sita za saiba yangu, hapa Kibokoni,
ghorofani, juu ya duka la mabuibui,
zilizungusha vidoti mpaka adhana ya alfajiri,
na kulipokucha
kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehama pembe yake.

Kimesimama katikati,
kama bwana harusi asiyejua mikono aiweke wapi.

Wa kwanza alikuwa Musyoki, wakala wa makontena,
mtu wa kupanda ngazi mbilimbili, salamu baadaye.
Mkono wake ulifika kushoto, chini,
kabla mwenyewe hajafika kitini.
Akabofya patupu. Akabofya tena.
"Mbaruku! Nani kahamisha mlango wa nyumba yangu?"
Nikamwambia ni toleo la majaribio,
wanatujaribia mambo mapya.
"Wanatujaribia, au wanatujaribu?"
Kontena lake lilikuwa limelala Kilindini,
na kila usiku wa kulala una bei yake.
"Mwenye meli," alisema, "halipwi kwa pembe za mviringo."

Bi Zuwena wa kadi za harusi alizipenda hizo pembe.
"Zimeumuka," alisema,
"kama mahamri ya mtu mwenye subira."
Akaipapasa skrini, akaacha alama ya mafuta.
Mapenzi yalidumu dakika tano.
"Na hini printa mumeizika wapi?"
Ilikuwa chini ya Zaidi, ndani ya Zaidi nyingine.
Mgeni kaja, mwenyeji kapotea.

Vijana wa Tudor hawakuuliza kitu.
Walizima weupe wote, skrini ikawa nyeusi tititi,
wakabandika picha ya gari wasilolimiliki,
kisha wakamcheka Musyoki.
Mimi pia nilicheka. Sikatai.

Ndipo akaingia Nyamvula,
anayefua mashuka ya hoteli huko Nyali
na kutafuta kazi ya mapokezi, mahali pakavu.
Kompyuta alijifunzia hapa, nusu saa nusu saa,
na alichojifunza amekiandika kwa kalamu
kwenye karatasi inayokaa fundoni mwa leso:

kushoto kabisa, chini
juu mara tatu
barua

Aliifungua. Akaisoma. Akatazama skrini.
Akaisoma tena, kidole chini ya kila neno.
Hakupiga kelele, hakuniita.
Alisema tu, taratibu, akiiambia karatasi,
"Basi niliandika vibaya."

Kuna mahali wanapouliza maoni:
sura inayocheka, sura iliyonuna.
Ya Nyamvula haikuwepo.
Nikachagua iliyonuna, nikaandika mistari minane,
Kiswahili kitupu,
na neno moja ambalo mamangu asingelipenda.
Kidole hakijainuka, jibu limeshafika:
Asante. Tumesoma.
Nani huyo asomaye mistari minane
kwa kufumba na kufumbua?

Walinipa siku kumi za kurudi nyuma.
Nilizihesabu vizuri, na ile ya kumi
umeme ukakatika tangu adhuhuri hadi usiku wa manane.

Tukazoea.
Kiatu kipya na kidonda chake
huishia kuelewana.
Bi Zuwena akaijua njia ya printa gizani,
Musyoki akaacha kunitaja kwa jina kamili.

Wiki ya sita vidoti vikarudi,
na asubuhi kitufe kiko kushoto, chini,
"kwa maombi yenu".
Musyoki alibofya katikati. Patupu.
Alichosema sikirudii hapa.

Nyamvula alifungua leso.
Karatasi ilikuwa mpya, maandishi ya kijivu, mepesi.
"Siku hizi naandika kwa penseli," alisema.
Kisha, bila kuinua macho:
"Wauza vifutio?"