Wodini Lamu, Siku ya Saba

Siku saba za sindano
nazihesabu kwa wino
kwenye bendeji, mkono
wa Shee aliyechoka.

Teke la punda, Langoni,
likaingia damuni;
hata langu, akilini,
jina likamponyoka.

Tabibu Katana kaja,
akanena neno moja:
“Sindano ya nane, hoja
haipo. Homa meshuka.”

Nikabisha: “Mwatufunza
dozi mtu akianza
asikate. Nimetunza
chupa, kwa deni la duka!”

“Dozi ni hii, yatosha;
usaha tuliuosha.
Ya ziada hufundisha
vijidudu kuiruka.”

Usiku, kiganja changu
usoni kwa mume wangu.
Baridi.
Kanita jina langu:
“Yule punda katoroka?”