Miji Mitatu

Wincenty ametandaza ramani juu ya meza ya jikoni,
kona inayojikunja ameilaza kwa kopo la sukari.
Miji saba, siku kumi.
Ludmiła anachukua kifutio.
Praha inaondoka. Zagreb nayo.
“Miaka thelathini umekimbiza barua za watu,
hukuingia hata mlango mmoja.”

Imebaki Brno, Graz, Trieste.
Graz, kulala mara nne.
“Kuna nini Graz?”
“Sijui. Nataka kununua vitunguu
kwa muuzaji yuleyule mara mbili,
ya pili anisalimu yeye kwanza.”

Nje, theluji ya Łódź inashuka bila ratiba.
Wincenty anachonga penseli,
anaandika treni ya alfajiri,
anatazama,
anaifuta,
anaandika ile ya baada ya chai.