Nyekundu Mbili

Lima, mwezi wa Julai, mbingu imefunikwa kama chungu.
Jua hatujaliona tangu wiki ya juzi.
Ndani ya chumba namba nne tumewasha la kwetu,
dogo, mviringo, pana kama punje ya dengu,
linatoka kwenye ncha ya uzi wa kioo
na kutua juu ya nguo ya maiti.

Sisemi maiti kwa kukosa adabu.
Alizungushiwa nguo hii akiwa amekaa, magoti kidevuni,
akafukiwa kule kusini kusikonyesha,
na mchanga ukaitunza kuliko tunavyoitunza sisi
kwa mashine za kukausha hewa
na barua za kuomba vipuri.

Ina ndege arobaini na mmoja,
wote wekundu.
Miaka elfu mbili, na wekundu ule bado unakuita kwa jina.

Zamani walikata.
Kijiuzi tu, walisema, hakitaonekana.
Kikachemshwa kwa tindikali, kikasema kilichosema, kikafa.
Mimi naiuliza nguo kwa mwanga:
mwanga unaingia, rangi inameza ikipendacho,
na masalio yanarudi kunisimulia.
Kitendawili.
Tega.
Nimemwandalia mgeni sinia, akanirudishia makombo,
na kwa makombo nikajua kwao.

Jibu huja kama mstari kwenye kompyuta,
unashuka na kupanda kama njia ya kwetu Pitumarca.
Ukibonyea penye mia tano na kumi,
kisha penye mia tano arobaini, huo ni mzizi.
Mabonde yote mawili yakisogea kulia kidogo, ni mdudu,
yule wa kwenye mpungate, mwenye koti la unga mweupe
na tumbo lililojaa damu isiyo damu.
Nanometa kumi na tano!
Hata aibu ina unene kuliko huo.

Ndege wa kwanza, mzizi.
Wa pili, mzizi. Wa kumi, mzizi, nami napiga miayo.
Wa ishirini na tisa, bawa la kulia:
mdudu.

Nikafuta lenzi. Nikapima upya kile kigae cheupe.
Nikamwita Daktari Ipince, akaja na kikombe cha kahawa
ambacho yeye mwenyewe amekipiga marufuku.
"Rudia," akasema.
Nikarudia mara tisa.
Nikamwita mlinzi, Don Eleuterio, mwenye macho ya mwewe,
amtazame ndege yule kwa utulivu.
"Bawa lipi?" akaniuliza.

Usiku nikampigia mama.
Mama hana shahada, ana vidole.
Huponda wadudu kiganjani, akawakamulia ndimu,
wakawa rangi ya chungwa;
akatia majivu, wakawa zambarau;
kisha akailaani bei ya shabu.
Nikamweleza habari ya bawa. Akanyamaza.
Nilisikia chungu kikitokota upande wake wa simu.

"Mizizi ilimwishia," akasema.
"Wewe hujachimba chapichapi ukaona.
Myembamba kama nywele, gunia zima kwa shuka moja.
Ilimwishia, na mazishi kesho.
Akaenda kwa jirani."

"Mama, labda ni kiraka. Labda cha miaka mia baadaye."

"Basi ilimwishia mjukuu."

Kwenye ripoti nimeandika:
*Ndege wa 29, bawa la kulia, chanzo cha rangi ni tofauti.
Sababu haijulikani.*
Daktari ametia saini, na ni kweli, haijulikani.
Mashine haijui hodi ya usiku,
wala mwanamke anayesimama mlangoni
na mikono iliyokoza hadi viwiko,
akiona haya kuomba.

Nimeizima ile punje ya dengu.
Nguo imerudi gizani, ndege wote sawa tena.

Na yule jirani, je, alitoa bure?
Nimesahau kumuuliza mama.